Moto Mmoja, Vyumba Viwili

Tupokigwe aliletwa Masukulu kutoka kwao Ikuti siku ya mvua, amefunikwa kanga mpaka puani, na baba mkwe wake, mzee Ambilikile, akageuza uso akatazama migomba mpaka bibi harusi alipoingizwa ndani. Tangu siku hiyo wameishi uwanja mmoja, wamekula ndizi za shamba moja, na hawakuwahi kutazamana usoni wala kusemezana. Si kwamba waligombana. Ndiyo heshima ya Kinyakyusa ya zamani: mkamwana haonani na baba mkwe. Siku hizi vijana wanacheka. Mkamwana anammiminia mzee chai na kumwuliza kama sukari imetosha. Lakini mzee Ambilikile alikuwa wa zamani, na Tupokigwe alisema, "Mzee akitaka hivyo, ndivyo."

Wakatengeneza utaratibu wao. Mzee akitaka kupita uwanjani, anakohoa. Kikohozi kimoja kizito cha makusudi, kama mtu anayebisha hodi kwa kifua. Tupokigwe akikisikia anajibanza kwenye migomba, mzee anapita, maisha yanaendelea. Chakula mzee aliletewa na mkewe. Mke alipofariki, Tupokigwe akawa anakiweka kwenye kigoda mlangoni, anagonga, anaondoka. Na yaliyohitaji maneno niliyabeba mimi, Mama Hellen, jirani yao, kwa kuwa si wa ukoo wao. "Mama Hellen, mwambie mkamwana chumvi imezidi." Nazunguka kona ya nyumba, namwambia mtu ambaye amekwisha kusikia kila neno.

Usidhani hawakupendana. Tupokigwe alizaa mtoto wa kwanza akafa, wa pili akafa, na mumewe, Lazaro, akaanza kusikiliza shangazi zake waliosema arudishwe kwao. Mzee alitoka na fimbo, akasimama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwangu: "Anayetaka kumfukuza mkamwana wangu aanze na mimi." Halafu akaenda bondeni, akamkatia kipande cha shamba, kile chenye udongo mweusi alichokilima mwenyewe ujanani. Tupokigwe alikuwa ndani, anasikia. Hakuweza kutoka kumshukuru. Wakaja watoto wengine, wakaishi, wakakua, wakaenda shule za bweni, na shukrani ile bado imemkaa kooni. Siku moja tukichuma chai aliniambia, "Mama Hellen, yule mzee afe siku yake ikifika, lakini asife kwa uzembe wangu. Sina kingine cha kumlipa."

Sasa Lazaro. Lazaro si mtu mbaya. Anauza vipuri vya magari Dar es Salaam, na pombe hagusi. Akaamua kujenga nyumbani, na ramani akaja nayo kutoka hukohuko: paa limekwenda juu kama la kanisa, madirisha ya aluminiamu mapana kiasi cha kupitisha ng'ombe, sakafu marumaru tupu. Nyumba ya mtu anayekimbia joto! Akaipanda hapa kwetu Rungwe, kwenye ukungu asubuhi na mvua jioni, ambako mwezi wa sita ukinawa uso meno yanagongana. Watu walikuja kupiga nayo picha. Na ili picha zitoke safi, Lazaro akaibomoa nyumba ya zamani ya baba yake, ile ya mianzi na udongo, fupi, yenye mlango wa kuinama. Mzee akahamishiwa chumba cha kona, dirisha linatazama mlimani.

"Baba, sasa unakaa kama waziri," Lazaro akasema, akapanda basi akarudi kwenye joto lake.

Waziri aliganda. Dari iliwekwa sebuleni tu, wanakokaa wageni. Chumbani kwa mzee ukilala chali unahesabu misumari ya bati. Joto lolote, la jiko au la mwili wa mtu, linapanda huko juu, linagusa bati, limekwenda. Mzee akawa analala na koti, kofia na soksi. Kikohozi kikamshika, si kile cha kubisha hodi, cha ugonjwa. Na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho cha kuliza: Tupokigwe hakuweza kuvitofautisha. Mzee akikohoa tu, yeye huyo, mbio nyuma ya nyumba. Kuna mchana nilimkuta amekaa migombani na sufuria ya maharage mapajani.

"Unafanya nini huku?"

"Amekohoa."

"Si anaumwa, mama!"

"Nitajuaje? Vyote vinafanana."

"Maharage yataota humo."

"Yaote. Hata mimi nimeshaanza kutoa mizizi."

Moto nao ukawa wa namna mbili. Kuni zinawaka kwenye kibanda cha nje cha kupikia, mkaa unawaka chumbani kwa mzee. Gunia la mkaa lililokuwa likivuka mwezi sasa likawa halifiki nusu. Mkaratusi wa mpakani ukakatwa kabla ya wakati wake. Tupokigwe alikuwa akiwasha jiko la mkaa nje, anasubiri likolee, anampa mtu yeyote aliye karibu aliingize, mara nyingi mimi. Na mzee, akishalipata, anafunga dirisha, anafunga mlango, anasokomeza gunia kuukuu chini ya mlango ili upepo usimwibie. Tulimwona, tukanyamaza. Tulisema mzee anajua kujihifadhi.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya chakula cha mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya migomba. Tupokigwe alikuwa anaosha vyombo uani. Ghafla akasimama, mikono inachuruzika maji, akaniita ng'ambo ya uzio.

"Mama Hellen, hajakohoa."

"Si vizuri? Anapata nafuu."

"Hajakohoa tangu nilipochukua sahani."

Akaenda mlangoni akagonga. Akagonga tena. Akaita, "Tata! Tata!", yaani baba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza sauti yake kumwendea mzee moja kwa moja. Kimya. Akaupiga mlango bega. Mimi nilipofika alikuwa amekwisha kuingia, amemshika mzee kwapani, anamburura kinyumenyume juu ya marumaru, kichwa cha mzee kimeanguka kifuani pake, kanga imemtoka kichwani na hana habari nayo. Tukamlaza barazani, mvua inamrukia miguuni. Akatapika. Akafumbua macho, na kitu cha kwanza alichokiona duniani aliporudi kilikuwa uso wa mkamwana wake. Akayafumba tena haraka.

Zahanati walituambia tulichopaswa kukijua: mkaa kwenye chumba kilichofungwa hautoi moshi wa kukuonya, unaharibu hewa kimyakimya, wewe unasinzia, huamki. Tukaitikia. Lakini mzee hakujali mkaa. Alikuwa na lake.

"Amenishika kwapani," akaniambia.

"Ulitaka akushike wapi? Masikio?"

"Mama Hellen, una mdomo."

"Na wewe una uhai. Uliupata wapi juzi?"

Alichukua simu akampigia bintiye Anyosisye, aliyeko Kiwira, aje kumchukua. Hawezi, akasema, kukaa nyumba ambayo mkamwana amembeba kama kiroba cha majani ya chai. Anyosisye akasema sawa, akimaliza kuvuna viazi atakuja na gari.

Mimi nilidhani Tupokigwe atapumua. Badala yake alikaa kwenye kibanda chake cha kupikia, ametazama majivu.

"Unakujua anakokwenda?" akaniuliza. "Anyosisye amepanga chumba kimoja nyuma ya maduka. Kutwa yuko sokoni. Na jiko lake ni la mkaa, analiweka katikati ya chumba. Nani atakaa kusikiliza kama mzee anakohoa?"

"Mwambie abaki."

"Nimwambie kwa mdomo upi?"

Kweli. Basi hakusema, alifanya. Kesho yake akamwita fundi Ackson, kijana wa hapahapa mwenye mikono mizuri na maneno mengi kuliko mikono.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na jiko la kisasa, chumba cha kupikia kilichojengewa gesi, ukuta umevikwa marumaru mpaka kifuani, na hakijawahi kupikiwa hata uji. Ukuta wake wa ndani ndio ukuta wa chumba cha mzee. Tupokigwe akataka hapo pajengwe jiko la kuni la matofali, lenye bomba la kutolea moshi.

"Vizuri kabisa," Ackson akasema. "Tunaliegemeza ukuta wa nje, mama, moshi utoke upesi."

"Ukuta wa nje utampasha joto nani? Mvua?"

"Lakini kwa kawaida..."

"Liegemeze huu." Akaupiga kofi ukuta wa mzee. "Nataka nikipika ugali mimi, yeye apate joto. Moto mmoja. Sina msitu wa kuwasha miwili."

Marumaru zilipaswa kutoka kwanza, kwa sababu zingepasuka kwa moto. Alizibandua mwenyewe kwa patasi. Sijui nani alimpelekea Lazaro habari, lakini kabla ya jioni simu ililia, akaiweka sauti kubwa kwa kuwa mikono ilikuwa na vumbi.

"Nasikia unabomoa nyumba yangu!"

"Nabandua marumaru za jikoni."

"Tupokigwe! Unajua hizo zimetoka China?"

"Na baba yako anataka kwenda Kiwira. Chagua cha kulilia."

Kisha Lazaro akauliza, taratibu, kama kifua cha mzee kinaendeleaje. Nimesema si mtu mbaya.

Jiko likasimama. Ila Ackson, kwa kuwa fundi akikosa la kuongeza anaumwa, akaongeza lake. Karibu na jiko akatoboa tundu kwenye ukuta, akaliwekea nondo nyembamba kama alivyoona kwenye gesti moja mjini Tukuyu, hewa ya moto ipite kwa mzee. Hakumwambia mtu, alitaka tushangae. Tukashangaa. Tupokigwe aliwasha moto, joto likapita vizuri, na mzee upande wa pili akalihisi. Akavuta kigoda, akainama kupasha viganja kwenye tundu. Na huku Tupokigwe amepandisha kanga magotini, anachochea.

Sijasikia mzee akipiga kelele namna ile hata siku ya kuzika mkewe.

"Nimewekewa dirisha la kumchungulia mkamwana! Mimi! Na mvi hizi!"

Tupokigwe akakimbilia nje na mwiko mkononi. Mzee naye akachukua blanketi, akatoka mlango mwingine, akavuka uwanja kwenye mvua, akaingia banda la mbuzi. Nikamkuta amekaa juu ya majani, kichwa kimefunikwa.

"Tata, rudi ndani."

"Mbuzi wana heshima kuliko mafundi."

"Mbuzi huyo anatafuna blanketi lako."

Akalivuta. "Fundi aanze kwa kuziba lile tundu. Nikisikia limezibwa, nitarudi kumsubiri Anyosisye. Kumsubiri tu."

Ackson alikuwa jikoni, amejaa aibu. "Nilidhani hewa..."

"Ulidhani hapa ni gesti," nikamwambia. "Ziba."

Akaziba kwa tofali na udongo, na Tupokigwe akakata tamaa. Aliamini joto limezibwa pamoja na tundu. Udongo ulipokauka akawasha moto bila furaha, akapika, akanituma niende chumbani kwa mzee nikaguse ukuta. Baridi kama jiwe la mtoni. Akanituma tena baadaye. Baridi. Giza lilipoanza kuingia nikaenda mara nyingine kwa kumridhisha tu, nikaweka kiganja, nikakiacha hapo. Ukuta ulikuwa vuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe. Matofali yalikuwa yanakunywa moto polepole. Na kwa kuwa yanakunywa polepole, yanatema polepole: asubuhi, majivu yamepoa kabisa, ukuta bado ulikuwa na joto la mkono wa mtu.

Likabaki paa. Ukuta unatoa, bati linakula. Tupokigwe akakata mianzi kwenye shamba lake la bondeni, Ackson akaanza kuitandaza ili atengeneze dari. Mzee alikuwa barazani, amejifunga mablanketi, begi lake la safari liko karibu naye kwa makusudi tuone. Alijikaza asitazame. Akatazama. Akatazama pembeni. Mwisho mdomo ukamshinda.

"Mama Hellen, mwambie huyo mtoto wa watu alaze shina kwa ncha, shina kwa ncha. Akilaza mashina yote upande mmoja dari itainama kama mlevi."

Nikamwambia. Tupokigwe alikuwa nyuma ya dirisha, anasikia, akamtolea Ackson macho: fanya.

"Na asitupe udongo juu ya mianzi mitupu. Atangulize majani makavu ya migomba. Halafu udongo uliokandwa na samadi ya ng'ombe, mwembamba. Lile bomba la moshi alipishe mbali na mianzi, asije akatuchoma."

"Akatuchoma nani, tata? Si unaondoka?"

"Akawachoma ninyi."

"Unafundisha nyumba unayoihama?"

"Nafundisha kazi. Nyumba ni shauri lenu." Akaelekeza fimbo chumbani kwake. "Na hilo dirisha, ukubwa wote huo ni wa nini? Mlima naujua."

Likawekewa mbao kwa ndani na mkeka wa ukindu nyuma yake: mchana linafunguliwa hewa ipite, jioni linafungwa. Lazaro alipotumiwa picha alijibu neno moja, "Haya." Nyumba yake sasa ilikuwa na kiraka. Lakini jiko la mkaa lilikwenda stoo, kibanda cha nje kikapoa, na mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha haraka ukawa unabaki pale pale mlangoni, mpaka nikamwuliza Tupokigwe kama siku hizi wanafunga.

Viazi vya Kiwira vikaisha kuvunwa. Jumamosi Anyosisye akaja na gari la kukodi, mwanamke wa haraka, viatu vina tope, akaingia moja kwa moja chumbani kwa baba yake. Mimi nilikuwa jikoni na Tupokigwe. Alikuwa amepika ndizi na nyama, chakula cha kumtakia mzee njia nzuri, alisema, lakini alikuwa anakoroga chungu kilichokwisha kuiva. Ukutani sauti zilipita vizuri.

"Baba, twende. Dereva anasubiri."

"Ngoja kidogo."

"Nini tena?"

"Mgongo wangu bado haujamaliza." Alikuwa ameegemea ukuta, tulisikia shati likikwaruza.

"Kwangu nako kuna joto, baba. Naweka jiko katikati ya chumba, unafunga mlango, unaota vizuri."

Tupokigwe aliacha kukoroga. Kisha fimbo ikagonga ukuta, ko, ko, karibu na vichwa vyetu.

"Ukuta!"

Tukatazamana.

"Wewe ukuta, unanisikia? Mwulize aliye upande wako. Siku ile nilikuwa nimekufa?"

Nikafungua mdomo kujibu, kama kawaida yangu. Tupokigwe akanishika mkono, akanibana. Kuongea na mkamwana ni mwiko. Kuongea na matofali hakuna aliyekukataza. Akasogea, akaweka paji la uso kwenye tofali.

"Ukuta," akasema, "mwambie tata alikuwa bado. Alikuwa njiani."

"Ahaa." Shati likakwaruza tena. "Basi mwambie aliyenirudisha hakukosea mkono. Popote aliponishika, ni pake."

Tupokigwe alilia hapo, bila sauti, machozi yanakauka kwa moto kabla hayajafika kidevuni.

"Baba!" Anyosisye akapiga kelele. "Unaongea na matofali?"

"Nyamaza, watu wazima tunazungumza. Nenda kamlipe dereva muda wake, mpe na mkungu wa ndizi. Aende. Wewe kaa ule, kuna kitu kinanukia huko."

Tulisikia hatua za Anyosisye zikitoka, na mlango wa gari. Tupokigwe akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akainama, akachukua gogo zima la mkaratusi, akalisukuma motoni kwa furaha. Fimbo ikagonga tena.

"Ukuta, mwambie asiongeze kuni. Huku nimeshavua koti na sweta, nikivua kingine itakuwa aibu."

Akalivuta lile gogo, akaligonga kwenye majivu mpaka likazimika, akaanza kupakua.